Mkopo wa Paa

Jumatatu, 3 Machi

Leo kiwanda kimetuletea mtaalamu wa mafao, kijana mtanashati mwenye viatu vya kuchongoka, aje atufundishe kustaafu. Sisi tunaotoka mwaka huu tulikalishwa ghalani juu ya magodoro yaliyorudishwa na wateja, na ilimchukua muda kuelewa kwamba mtu aliyeamka alfajiri ukimkalisha kwenye godoro anasinzia.

Aliuliza swali moja ambalo halikupata jibu: kila mmoja wetu anatarajia kuishi mpaka umri gani? Bila kujua hilo, alisema, huwezi kujua kama akiba yako inatosha. Watu wakaangalia dari. Nani atajipangia siku yake mbele za watu? Mlinzi wa geti akasema yeye ataishi mpaka mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka ataangalia tena. Tulicheka, mtaalamu hakucheka. Mwishowe akatuamulia mwenyewe, akatugawia wote miaka ishirini baada ya kustaafu. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Ametuagiza tuandike matumizi yetu kila siku. Ya kwangu ni unga, mkaa, nauli na dawa za mzee, mume wangu, leo kama jana. Nikishayaandika mara moja yameisha, kwa hiyo humu nitaandika na mengine.

Jumanne, 4 Machi

Joto. Cherehani ya pindo imevunja sindano mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya hesabu aliyotufundisha kijana. Pensheni ya kila mwezi itatosha unga, maji na umeme, kama hatutakula sana wala kuwasha sana. Kiinua mgongo kitalipa duka la dawa tunalokopa, na kinachobaki kitarekebisha chumba cha mbele nishonee mapazia ya watu. Kilichobaki kubeba mzigo mkubwa ni akiba yangu ya chama, chama chetu cha kuweka na kukopa hapo kiwandani, ambako nimekatwa mshahara tangu nikiwa msichana. Hiyo ndiyo dawa ya mzee. Ana kisukari, na kidonda cha mguu wa kushoto hakitaki kufunga. Nimeigawa akiba ile kwa gharama za mwezi, ikatoka miaka tisa na kitu.

Tisa si ishirini. Lakini yeye na mguu wake, mimi na kifua changu kilichojaa vumbi la sponji, nani kati yetu anadai ishirini? Nimeridhika. Usiku huu nitalala bila kuota chochote.

Fedha za mzee mwenyewe hazimo kwenye hesabu kwa sababu hazipo. Alikuwa dereva, na alipostaafu kiinua mgongo chake chote alikinunulia lori kuukuu, eti awe bosi wa nafsi yake. Nilimwambia siku ile ile kwamba hata senti yangu moja haitaingia kwenye lile bati, na haikuingia. Lori lilikaa gereji kuliko barabarani, mpaka likauzwa chuma chakavu. Tangu hapo bosi wa nafsi yake anasikiliza redio.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa hasira. Sponji inavuta unyevu, magodoro yanakuwa mazito, wabebaji wanatukana. Gundi haikauki.

Nasema gundi ya pipa. Yupo pia Gundi mtu, mwanamke ambaye jina lake la kuzaliwa sijui kama msimamizi bado analikumbuka. Amesimama kwenye pipa la gundi tangu tulipoajiriwa sote wiki ile ile, na mimi naitwa Pindo kwa sababu nashona pindo. Ndiye mwenzangu. Nilipojifungua kifungua mimba wangu, yeye ndiye aliyenishikia zamu kwa miezi, akishona vibaya hivyo hivyo.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa chama kuandikisha kwamba mwisho wa Mei nachukua akiba yangu. Akakuna kidevu. Kuna jambo moja dogo, akasema.

Jambo dogo ni hili. Hapa mtu akikopa, wenzake watatu wanamdhamini, yaani wanaweka akiba zao nyuma yake. Asipolipa, zinakatwa zao. Nimedhamini watu wengi sana, na wote walilipa. Hapa kwetu ukiletewa karatasi ya udhamini huisomi. Mwenzako anakuletea wakati wa chakula, unafuta mikono kwenye aproni, unasaini, unaendelea kula. Ukisoma, umemwambia mbele za watu kwamba ni mwizi. Kuna mhasibu mgeni aliwahi kusoma ya mwenzake mstari kwa mstari, na mpaka alipohamishwa hakuna aliyemwazima hata kalamu.

Basi mwaka juzi Gundi aliniletea ya kwake. Alisema ni ya kuezeka paa jipya. Nilisaini mdomo ukiwa umejaa. Leo ndiyo nimejua ulikuwa mkopo mkubwa kiasi gani. Amelipa vizuri kila mwezi, lakini bado unabaki mwingi, na mradi unabaki, akiba yangu imefungwa. Itabidi Gundi atafute mdhamini mwingine wa kunipokea.

Nilimwambia wakati wa chai. Akasema, "Usijali, Pindo. Nitatafuta." Akasahau kunywa chai yake.

Ijumaa, 28 Machi

Wamepunguza watu. Walitukusanya uwanjani mvua ikitunyeshea, meneja akiwa chini ya mwavuli, akasoma majina kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Oda zimeshuka, na imenunuliwa mashine inayopaka gundi yenyewe. Kitengo chote cha gundi kimeondoka. Wale wadhamini wenzangu wawili wa mkopo wa Gundi wamo pia, na wao wana mikopo yao wenyewe, akiba zao zitaishia humo.

Mimi sikusomwa. Mtu anayestaafu miezi miwili ijayo ni ghali kumfukuza.

Gundi alikunja aproni yake vizuri, akaiweka juu ya pipa. Tulishikana mikono tu. Nilitaka kulia kwa ajili yake, lakini kusema kweli nilikuwa nawaza ile miaka tisa.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Nimempigia Gundi, hakupokea.

Jumapili, 6 Aprili

Mwanangu amepiga simu. Nilimweleza hali, naye akasema mama usihangaike, ukistaafu njooni mkae kwetu. Nyuma yake nilisikia mke wake akiacha kuosha vyombo. Nikasema tutaona. Akasema mambo yake yakikaa sawa atatuma chochote. Mambo ya mwanangu yanakaribia kukaa sawa tangu alipooa.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda kwa Gundi bila taarifa. Barabara ya kwao ni tope tupu, nilivua viatu nikashika mkononi.

Anaishi na mama yake mzazi, bibi kizee asiyeona vizuri wala kutoka kitandani. Nilipoingia nilisikia kwanza, kisha nikaona. Beseni katikati ya sebule. Sufuria juu ya kabati. Ndoo mlangoni mwa chumba, na kitanda cha bibi kimesogezwa mpaka kugusa ukuta wa pili ili kikwepe maji. Nikainua macho. Mabati ni yale yale, yenye kutu, yaliyozibwa kwa vipande vya nailoni yetu ya kufungia magodoro.

Nilikaa nikihesabu matone, maana ningesema ningesema vibaya. Halafu nikasema vibaya. Nikamuuliza paa nililolidhamini liko wapi.

Gundi akaenda kumwaga beseni nje. Aliporudi akasema fedha zilipata kazi nyingine.

"Kazi gani?"

"Kazi ya watu, Pindo. Nitalipa. Nipe muda mvua ikatike, napata vibarua vya kufua."

Kazi ya watu! Nimekaa na mtu huyu umri wote, nimekula naye bakuli moja, nisijue kwamba anaweza kuniangalia usoni akanipa jibu la namna hiyo. Nilitoka bila kumuaga mama yake.

Nilimsimulia mzee nikiwa bado nina tope miguuni. Akasema nimwache mama wa watu, ana shida zake. Nikamuuliza ana shida gani zinazokula mabati. Akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu, 21 Aprili

Kila mtu kiwandani ana habari ya kunipa kuhusu Gundi. Mmoja anasema alicheza bahati nasibu. Mwingine anasema kuna mwanaume. Mwingine alimwona sokoni na kitambaa kipya kichwani. Zamani ningewafokea. Sasa nasikiliza, na jioni nampelekea mzee yote kama yalivyo. Leo nilimtania nikamwambia, mbona unamtetea sana, una lako jambo na Gundi? Hakucheka. Alisema mguu unamuuma.

Alhamisi, 24 Aprili

Kamati imeniita. Gundi hajalipa marejesho tangu alipoachishwa kazi, kwa hiyo wataanza kukata kwangu. Mwenyekiti alinieleza taratibu, kama daktari mwenye habari mbaya. Kuna njia moja ya kupunguza hasara: kamati ikachukue mali za mkopaji, ziuzwe, kinachopatikana kiingie kwenye deni, na kinachobaki ndiyo nikatwe mimi. Ila ni lazima mdhamini aombe, na siku ya siku awepo.

Nikasema nitafikiri.

Jumanne, 29 Aprili

Nafikiri.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua haijakatika hata siku moja wiki hii. Dawa ya mzee imepanda bei. Muuza duka aliniambia kwa upole kwamba deni letu limefika mahali pake pa mwisho. Nimerudi nyumbani nimeshika kopo moja badala ya mawili, na mzee akasema anaweza kuwa anaruka siku. Anavyosema utadhani ni chai. Nimemwambia hataruka siku hata moja, wa kuruka ni Gundi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda kwa mwenyekiti, nimeomba.

Alhamisi, 22 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulikwenda na kigari cha kukodi, mwenyekiti, katibu, wabebaji wawili na mimi. Nilikaa mbele na dereva kwa sababu ya umri. Majirani walitoka wakasimama vibarazani, mvua ilikuwa manyunyu tu. Mwenyekiti alibisha hodi kwa adabu zote, akamsomea Gundi karatasi mlangoni. Gundi alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na povu la sabuni mikononi, nadhani alikuwa kwenye nguo za watu. Aliniangalia mara moja, nami nikaangalia kabati.

Walichukua friji. Walichukua makochi, na kabati lenyewe baada ya kuondoa ile sufuria ya maji juu yake, katibu akaimwaga dirishani. Walichukua televisheni. Wakati wanabeba, yule bibi akauliza kutoka chumbani ni akina nani hao, mbona wengi.

Gundi akamjibu, "Wenzangu wa kazini, mama. Wamekuja kunisalimia."

"Wape chai," bibi akasema.

"Wana haraka, mama."

Mwenyekiti akaniletea karatasi niisaini kwamba nimeshuhudia. Niliisoma yote. Nimegundua sasa ninapoandika kwamba ni mara ya kwanza maishani mwangu.

Nilisubiri Gundi aseme neno. Anitukane, alie, anikumbushe zamu alizonishikia nilipojifungua. Nilikuwa na majibu ya kila kitu. Hakusema kitu. Nikachukia zaidi kwa sababu niliona anajifanya bora kuliko mimi.

Ijumaa, 23 Mei

Mzee hakula jana wala leo. Sukari itashuka, namwambia, hasikii. Nilimsimulia ya jana, na nilipofika kwa bibi na chai yake akaniambia nyamaza. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniambia nyamaza.

Jumatano, 28 Mei

Vitu vya Gundi vimeuzwa. Friji ilikuwa mbovu, makochi yalikuwa na maji ndani. Vyote pamoja havikufika hata robo ya deni.

Ijumaa, 30 Mei

Nimestaafu. Walininunulia soda, meneja akanipa saa ya ukutani na kusema mimi ni nguzo. Wakanipa na godoro. Inchi sita, lile la kurudishwa, nalijua, pindo lake nimelishona mwenyewe na kona moja imepinda.

Kisha nikaenda dirishani kwa mweka hazina wa chama kusikia kilichobaki baada ya kukatwa. Nimekigawa kwa gharama za mwezi nikiwa nimesimama pale pale. Mwaka mmoja na miezi minne. Baada ya hapo, dawa sijui.

Watu waliniaga vizuri. Nilimsaka Gundi kwa macho kwenye pipa, mazoea tu, pale sasa kuna mashine.

Jumapili, 1 Juni

Asubuhi nilikaa na mzee barazani nikamweleza hali yetu, namba zote, kwa sauti ya utulivu kama yule kijana wa mafao. Nikamwambia tutauza godoro, tutauza saa, chumba cha mbele tupangishe. Nikamwambia huyo mwizi ametula miaka minane, Mungu anamwona.

Mzee akazima redio.

"Mama watoto," akasema, "zile fedha nilichukua mimi."

Sikuelewa. Akarudia. Injini ya lori ilikufa mwaka juzi, gereji walitaka fedha nyingi, na lori lilikuwa na oda ya kusafirisha mchanga miezi sita. Akaona akiitengeneza tu, atarudisha kila kitu na mimi nitanyamaza. Kwangu asingeweza kuja, nilishasema neno langu. Akaenda kwa Gundi. Gundi alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakopa kwa jina lake, na kwa kuwa alihitaji mdhamini mwenye akiba kubwa, akanijia mimi na maneno ya paa. Injini mpya ilifanya kazi wiki chache, ikafa tena. Fedha ya chuma chakavu alimpelekea Gundi yote, mimi aliniambia mnunuzi amemdhulumu. Baada ya hapo hakuwa na kitu, na Gundi aliendelea kulipa kwa mshahara wake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema Aprili, niliporudi na tope. Kwa nini hakusema tarehe ishirini na mbili Mei asubuhi, aliponiona navaa viatu.

"Nilikuogopa," akasema. "Kila siku nilijiambia leo nitasema. Nilimwambia na yeye asiseme, niseme mwenyewe."

Analia huyu mtu mzima, anashika mguu wake. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumfuta kamasi. Nilikwenda jikoni nikampimia dawa yake, kwa sababu saa yake ilikuwa imefika.

Jumatatu, 2 Juni

Jumatatu yangu ya kwanza ya kustaafu. Niliamka saa ile ile, nikavaa, nikakumbuka sina pa kwenda, nikaenda kwa Gundi.

Sikubeba kitu. Sikujua katika hali hii mtu anabeba nini.

Nilivua viatu barazani nikabisha hodi. Alifungua mlango akabaki pale pale kizingitini, mkono kwenye fremu. Nyuma yake sebule ilikuwa tupu, na beseni. Nilimwambia mzee ameniambia. Akaitikia kwa kichwa polepole, bila mshangao. Nikamwambia nitalipa vile vitu, sijui lini, nitashona mapazia ya watu mpaka nilipe. Ndipo nikamuuliza kilichokuwa kimenikosesha usingizi.

"Siku ile mlangoni, Gundi. Ungesema neno moja tu. Kwa nini hukuniambia?"

Aliangalia barabarani nyuma yangu.

"Ulikuja na watu," akasema. "Ungekuja peke yako ningekuambia."

Mama yake akauliza kutoka ndani nani yuko mlangoni. Gundi akamjibu hakuna mtu, mama. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini mguu wa mzee unaendeleaje. Nikamwambia unaendelea vizuri. Akasema vizuri, nimsalimie.

Akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa, na mimi nikavaa viatu vyangu nikarudi nyumbani.